Saa 72 hazisubiri Jumatatu

Mhariri,

Ile habari yenu ya Wiki ya Afya chuoni, yenye picha ya wasichana waliopangwa mstari na fulana nyeupe, nimeisoma mpaka nukta ya mwisho nikitafuta mahali mlipouliza kliniki ya chuo hufungwa saa ngapi. Sikupaona. Nimekuwa mlezi wa bweni la wasichana tangu wengi wa hao mliowapiga picha hawajazaliwa, gazeti lenu nalisoma, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Safari hii mmenichokoza.

Hufungwa Ijumaa saa tisa alasiri na kufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Sasa shika kalamu. Kondomu ikipasuka Ijumaa saa sita usiku, mpaka mlango ule ufunguliwe zimeshakwenda saa 56. Dawa za PEP, zile za kumkinga mtu aliyeingia kwenye hatari ya VVU, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikicheleweshwa kinga yake inapungua. Kisha humezwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile vya kawaida, navyo hesabu yake ni hiyohiyo ya siku tatu, na anayewahi ndiye anayenufaika.

Binti mmoja wa bwenini kwangu alikwenda Jumamosi akakuta kufuli. Mlangoni pamebandikwa saa za kazi, basi. Hakuna neno la kumwelekeza aende wapi. Yuko mwaka wa kwanza, hana mwenyeji, na jukwaani waliwaambia kliniki ile ni nyumbani kwao, kwa hiyo akasubiri nyumbani kufunguliwe. Jumatatu alifika wa kwanza, wakamrudisha: lete barua ya mlezi wa bweni. Barua! Ya nini, ya kuthibitisha kwamba kondomu ilipasuka? Ndivyo alivyofika kwangu akitetemeka, na kijana wake nyuma kamshikia begi (huyo nampa heshima yake, wengine huwa wameshazima simu). Barua sikuandika, nilivaa viatu nikaenda mwenyewe. Dirisha la mapokezi lina kioo chenye tundu la chini, anayesema lazima ainame na apaze sauti, na benchi la wagonjwa liko hatua mbili nyuma ya kisogo chake. “Tatizo nini?” Binti akanong’ona. “Sema kwa sauti, sikusikii!” Benchi zima likaacha kuchezea simu. Tukaambiwa daktari yuko kikaoni. Ilipogonga saa nane mchana tukaambiwa njooni kesho. Kesho asubuhi, Mhariri, ni saa 80! Nikakaa chini sakafuni mbele ya lile dirisha na umri wangu huu, nikasema hapa siondoki. Daktari akapatikana mara moja. Dawa zote mbili zikatoka, na mtoa dawa akaongezea mahubiri ya bure, eti vile vidonge vinatoa mimba. Havitoi. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, na mimba ikishatunga havina la kuifanya. Mimi ni mshika funguo za bweni na hilo nalijua. Yeye cheti chake kimetundikwa ukutani.

Halafu hiyo picha yenu. Wavulana mliwaficha wapi? Kila mwaka ukumbi hujazwa wasichana, wakaambiwa “jitunzeni”, wakati wenzao wako uwanjani wanacheza mpira. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, mara nyingi haina dalili yoyote, kwa mwanamke wala mwanamume. Binti anatibiwa, mwenzake hakupimwa, na baada ya muda anamrudishia ileile. Ikiachwa bila tiba inaweza kupanda mpaka kwenye mirija ya uzazi na kumwachia ugumba, yeye zaidi kuliko yule wa uwanjani. Na chanjo ya HPV, vile virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, nani kawaambia ni ya wasichana peke yao? Virusi hivyo huleta saratani kwa wanaume pia.

Lile sanduku la kondomu mlilolisifu limewekwa kwenye dirisha linalopigwa na jua kutwa nzima, na joto huharibu mpira. Nilifungua moja mbele ya mwenyekiti wa kamati, ikakatika vidoleni kama utando wa buibui. Akanijibu kuwa muhimu ni uhamasishaji.

Ninachoomba hakihitaji matarumbeta. Karatasi moja ndani ya mlango wa kila choo cha bweni, la wasichana na la wavulana, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Iandikwe kwa herufi kubwa ni hospitali ipi inatoa PEP usiku na siku za mapumziko, namba ya simu inayopokelewa na binadamu, na maneno “barua haitakiwi”. Benchi nalo lisogezwe mpaka mwisho wa korido. Kama hayo ni mazito, basi chuo kitoe tangazo kwamba ajali zote zitokee kati ya Jumatatu na Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, daktari akiwa hana kikao.

Na mwandishi wenu mwakani asije siku ya fulana. Aje Jumamosi usiku, abishe hodi.

Mlezi wa bweni
(Jina langu unalo, usilichape.)