Barua ya Wazi kwa Vijana wa Msimu wa Korosho

Wanangu na wajukuu zangu wa Newala na Tandahimba,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia sasa, kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa, kwa sababu fedha zikishaingia katika akaunti zenu hakuna mzee anayesikilizwa.

Wapo kati yenu wanaoukumbuka msimu wa 2017/18, kilo moja ya korosho ilipovuka shilingi 4,000 mnadani. Hao hao hawajasahau mwaka uliofuata: wanunuzi walitaja bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300, wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Bei ya korosho haipangwi mashambani kwetu, na anayeyapanga maisha yake kwa kipimo cha mwaka mmoja mzuri hujikuta na madeni mwaka unaofuata.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Mwaka mmoja wa bei nzuri nilinunua seti ya makochi, redio yenye spika zilizonifika kifuani, na pikipiki ambayo sikuwa na kazi nayo, kisha nikalisha watu siku tatu mwanangu alipotoka jandoni. Kijiji kizima kiliniita tajiri. Ilipofika Juni, mikorosho ikaanza kuchanua na ugonjwa wa ubwiriunga ukayapaka maua unga mweupe, nami sikuwa na fedha ya vibarua wa palizi wala ya kumlipa mwenye bomba la kupulizia dawa ya salfa. Nikauza kwa kangomba, yaani kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno, korosho ambazo bado zilikuwa maua. Mnunuzi alikuja na daftari, tukazunguka shambani tukihesabu miti mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mti alichora kistari kwa kalamu. Tuliporudi nyumbani alikaa juu ya yale makochi mapya, tukaandikishana. Magunia aliyoyachukua Oktoba yalinigharimu zaidi ya nusu ya bei ambayo wenzangu waliipata mnadani.

Tangu mwaka huo nimeamini kwamba utajiri wa mkulima wa korosho hupimwa Juni. Novemba kila mtu ana fedha, na kijana mwenye simu mpya hatofautiani na mwenye akiba. Juni ndipo anapojulikana yule anayeweza kulima, kupulizia dawa na kulipa mahitaji ya shule ya watoto bila kumfuata mtu wa kangomba usiku.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, hajawahi kuitwa tajiri. Fedha za msimu mmoja alinunulia bati, za msimu wa pili akachimbia kisima cha kuvunia maji ya mvua chini ya michirizi ya paa lake. Sisi wa juu ya uwanda wa Makonde tunaijua bei ya ndoo ya maji wakati wa kiangazi. Mpita njia haoni chochote kwake isipokuwa mfuniko, lakini fedha ambayo wengine huipeleka kwenye maji kila siku, yeye huitumia kuongeza miche ya mikorosho iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti bora, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, miti 28 kwa ekari, na kwa kawaida huanza kuona matunda mwaka wa tatu.

Sisemi msisherehekee. Jando na unyago ni urithi wetu, nami nitakuja kucheza ngoma pamoja nanyi. Lakini sare za ukoo mzima na muziki wa kukodi havikuwamo katika urithi huo, na mtoto hutoka jandoni na heshima ile ile bila ya hivyo. Ninachowaomba ni kwamba, kabla hamjatoa hata shilingi moja benki, mkae na wenzi wenu, mhesabu gharama za Juni, na fedha hiyo msiiguse.

Mwenye kutaka miche aje kwangu mvua za Desemba zikianza, aje na jembe lake. Mashimo tutachimba pamoja.

Ni mimi mzee wenu,
Mkulima wa Newala