Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wakazi, Ujiji

Ndugu wanachama, asalaam alaykum na habari za leo.

Mitaro tulizibua, misiba mitatu tulizika pamoja, ofisi ya kata tulikwenda mara mbili. Hayo mnayajua. Nije kwenye barabara, maana ndiyo iliyowaleta leo kwa wingi huu.

Inasemwa vijiweni kwamba nimeuza mtaa. Rasimu ya kwanza ya urasimishaji, yaani kupima viwanja vyetu ili tupate hati, ilikuwa na barabara ya upana wa mita 10, na nyumba 14 zilipigwa X nyekundu. Mchoro wa kupendeza, ukiwa ukutani. Nani alisimama kupinga? Mimi, wajumbe wenzangu wakitazama chini. Niliwaambia wapimaji kuwa Mpango Kabambe wa mji, kwa zama hizi, huanza na watu na nyumba zilizopo, na kwamba Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inataka wenye ardhi waitwe kikaoni. Nikawatajia Hanna Nassif kule Dar es Salaam, ambako miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishiriki kujenga mitaro na barabara zao, mtaa ukabaki pale pale. Tukashuka hadi mita 6, gari la wagonjwa lipite. Nyumba za kubomolewa zikabaki 2. Kwingine zinakatwa kuta na vibaraza tu.

Ni kweli nilisaini mchoro huo kabla ya mkutano mkuu. Lakini niliuitisha mara mbili: kwanza mkaja 11, kisha 9, mvua ikasingiziwa. Wanachama tuko 86!

Na anayesema bikoni, zile alama za mipaka, zimenikwepa, aje kwangu. Baraza alilolijenga marehemu baba limekatwa, limebaki upana wa mkeka mmoja. Kahawa tunainywa tumepanga mstari kama abiria wa meli ya Liemba enzi zile.

Fedha: ada ya mwaka, 12,000, wamelipa 31, yaani 372,000, matumizi 290,000, salio 82,000. Mchango wa urasimishaji, 150,000 kwa kiwanja, wamemaliza 23 tu. Halafu mtu asiyetoa hata shilingi ananisimamisha sokoni kuuliza hati yake imefikia wapi.

Mwakani, panapo majaaliwa na wafadhili wakipatikana, tutaangalia suala la taa na mtaro mkubwa wa kupeleka maji ziwani.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Mlango ni huo mmoja.