Mpango wa sala za asubuhi: Zaburi ya 119

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Kuanzia Jumatatu tutasoma Zaburi ya 119 kwa siku 22, kwa kuwa mistari yake 176 imepangwa katika mafungu 22 ya mistari minane minane, kila fungu likifuata herufi moja ya Kiebrania, nalo fungu moja latosha kwa asubuhi moja. Tusome kwa sauti, polepole, kisha tugeuze mstari mmoja kuwa sala yetu wenyewe kabla ya kushika simu. Mimi yangu sasa inalala sebuleni na Biblia iko kando ya mto wa kulalia, maana nilikuwa nikiamka naanza na jumbe za kikundi hiki hiki.

Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), ila anayeanza na ashike wakati mmoja asioukosa, hata dakika kumi za kungoja chai ichemke. Atakayeruka siku asirudi kufidia. Aendelee na fungu la siku hiyo pamoja nasi. Mwenye huzuni isiyokoma au usingizi uliopotea, tafadhali amwone daktari pia, na aniandikie kwa faragha tumwombee.