Kurasa za Shangazi

Magomeni, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na wote wa nyumbani mkiwa buheri wa afya. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto. Nimekaa kimya mno tangu uhamie Tanga, na ningeendelea kuona haya kuandika kama si jambo la wiki iliyopita, ambalo limeniondolea raha na ambalo nahitaji msaada wako.

Unaukumbuka ule mwongozo wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, niliowaandikia akina mama wa Kariakoo, ukaupitia na kunisifu. Shangazi aliufuata neno kwa neno usiku mmoja kwenye tovuti ya duka lake la vitenge. Alipofika kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, yaani namna anwani za kurasa zinavyoandikwa, aliacha mtindo wenye namba, ule wa ?p=123, akachagua anwani ibebe jina la ukurasa kama nilivyoshauri, kisha akahifadhi. Ukurasa wa mwanzo ulifunguka vizuri, lakini kurasa zote za vitenge zikaleta 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haukupatikana, zikiwemo zile ambazo viungo vyake alikwisha kuwatumia wateja kwenye makundi ya WhatsApp. Alinipigia simu alfajiri akilia, akiamini kwamba amefuta kazi ya miezi mitano kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuwa amefuta chochote. Maandishi yake yote yalikuwa salama katika hifadhidata. Kilichokosekana ni kanuni ambazo WordPress huziandika katika faili la .htaccess ili Apache, programu ya seva inayowapelekea wasomaji kurasa, ijue anwani yenye jina inaelekea wapi, na kwenye seva yake faili hilo lilikuwa limefungwa lisiandikwe. Nilimwambia arudishe chaguo la zamani na kuhifadhi, na kurasa zikarudi papo hapo. Kazi ya dakika mbili, ndugu yangu, naye alikuwa amekesha, huku mwongozo wangu ukiwa mezani kwake bila sentensi hata moja ya kumtuliza.

Nimeusoma upya kwa macho yake na nimehuzunika. Niliandika kwamba msomaji ahakikishe mod_rewrite, sehemu ya Apache inayozifuata kanuni hizo, imewashwa, bila kufikiri kwamba mtu anayekodi nafasi kwenye seva ya wengine hana pa kuiwashia. Niliandika pia %postname% bila maelezo, na Shangazi akaniuliza kwa dhati kabisa ni asilimia ngapi ya jina, kwa kuwa dukani kwake alama hiyo haina maana nyingine ila punguzo la bei. Ilinipasa kueleza kwamba alama hizo mbili huzingira nafasi ambayo WordPress yenyewe huijaza, hapo jina la makala, na kwenye %year% mwaka ilipochapishwa.

Alinielewa nilipomkumbusha zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Nyumba yake haikuhama siku ile ilipobandikwa namba; ila mgeni anayekuja na anwani asiyoizoea lazima amkute mtu mtaani wa kumwelekeza, na kanuni zile za seva ndizo mtu huyo.

Kwa hiyo nataka kuupindua mwongozo wote. Kabla ya mitindo na faida zake, maneno ya kwanza yamwambie msomaji aandike kwenye karatasi chaguo alilonalo sasa, na kwamba kurasa zikipotea alirudishe na kuhifadhi, kwa maana hakuna kilichofutwa. Habari za .htaccess nitazigeuza kuwa ujumbe mfupi uliokwisha kuandikwa, ambao msomaji ataunakili na kumpelekea anayemuuzia nafasi ya seva. Mifano nayo itakuwa yetu: kichwa “Maziwa ya ng'ombe” hutoa anwani maziwa-ya-ngombe, na ritifaa, ile alama ya ng', ikitoweka asidhani amekosea.

Ninachokuomba ni hiki: nikikutumia kurasa nne za mwongozo huo mpya, mpe mama azisome kwa sauti, nawe ukae kimya kabisa, uandike kila mahali anaposita. Mimi na wewe tumezoea mno mambo haya kuweza kuyaona makosa.

Je, atakubali? Niseme “kiungo cha kudumu” kama ilivyo kwenye tafsiri nyingi, au “anwani ya ukurasa” itamfaa zaidi? Picha za skrini ziwe kubwa kiasi gani kwa mtu anayesomea kwenye simu? Na yule fundi wetu wa Ubungo, bado anakataa kupitia maandishi ya wengine, au nimwandikie naye?

Mpe mama shikamoo yangu, na watoto uwabusu.

Ni mimi rafiki yako.