Shifti ya usiku: zamu kwenye mashine ya kusoti barua
Wadau mambo vipi, kuanzia leo kwenye mashine tubadilishane kila nusu saa, anayelisha barua aende kutoa kwenye vishubaka na anayetoa aje kulisha, maana dude linapiga zaidi ya barua 30,000 kwa saa na ukiganda upande mmoja usiku kucha bega lazima likuume. Trei za kulisha ziwe usawa wa kiuno jamani, sio mnaziacha chini halafu mtu anainama inama mpaka asubuhi. Na ule mkeka wa raba ni wa kusimamia, sio wa kufunikia nyaya 😂. Barua ikikwama zima kwanza ndo uingize mkono, saa tisa usiku mnajua macho yanavyokuwa mazito. Mwenye goti bovu anicheki pembeni nimpange mapema.