Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mkataba wa Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza kwenye simu kama ni haki ligi kuwawekea wachezaji chipukizi kikomo cha mshahara, nami nikakujibu harakaharaka kuwa ni haki. Jibu hilo halikutosha, na kwa kuwa najua moyo wako uko michezoni, nimeona nikuandikie.

Kikomo chenyewe nakiunga mkono. Mwaka 1994 Glenn Robinson, akiwa hajacheza hata mechi moja ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, alitaka dola milioni 100, na mwishowe akasaini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 68. Mwaka uliofuata ligi hiyo na chama cha wachezaji wakakubaliana kuhusu viwango vya mishahara ya wanaoanza. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilichelewa. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010 katika zoezi ambalo klabu hupokezana kuchagua wachezaji chipukizi, aliahidiwa dola milioni 78 kwa miaka 6, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa zake hata kama angeumia au kushuka kiwango. Mwaka mmoja baadaye, chini ya makubaliano mapya, Cam Newton alichaguliwa wa kwanza vilevile akapata takriban milioni 22 kwa miaka 4. Mkongwe aliyevuja jasho misimu 10 hakustahili kuvaa jezi kando ya kijana anayemzidi mshahara kwa sifa za chuoni tu.

Linaloniuma, mwanangu, ni muda. Brock Purdy alichaguliwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, nafasi ya 262, na hata alipokuwa ndiye anayeongoza mashambulizi ya San Francisco 49ers alikuwa akiishi nyumba moja na mchezaji mwenzake ili wagawane kodi. Februari 2024 aliifikisha timu hiyo kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na mshahara usiofika dola milioni 1 kwa msimu, na kanuni ilimzuia kujadili upya mkataba wake mpaka amalize misimu 3. Yeye alivuka salama, kwani mwaka 2025 alipata mkataba wa dola milioni 265. Lakini mfikirie yule anayepokea mpira na kuukimbiza katikati ya miili mizito inayomwangukia kila wiki: goti lake likikatika katika msimu wa tatu, miaka yake bora imekwisha kuuzwa kwa bei ya mwanafunzi, na fedha alizoiokolea klabu hazitamrudia.

Waliochaguliwa raundi ya kwanza wana kifungo zaidi, kwa kuwa klabu peke yake ndiyo huamua kuwaongezea mwaka wa tano. Hapo sioni haki yoyote. Laiti ningekuwa na kura, ningekiacha kikomo cha fedha kama kilivyo, nikapunguza kifungo kiwe misimu 2, kisha kijana aliyethibitisha uwezo wake uwanjani aruhusiwe kurudi mezani.

Niandikie unavyoona, hasa kuhusu hiyo misimu 2.

Akupendaye daima,
Baba yako