Nyuzi nyekundu za M82 si moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni gazeti lako lilichapa picha ya M82, galaksi mojawapo (yaani kundi kubwa mno la nyota), iliyopigwa na darubini ya anga ya James Webb, na maelezo ya chini yake yakasema nyuzi nyekundu zinazochomoza pande mbili za galaksi hiyo ni ndimi za moto. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaniletea ukurasa huo wakiuliza moto huo unapata wapi oksijeni. Wameuliza la maana, kwa sababu pale hakuna moto.

Wekundu ule wameuweka wataalamu kuwakilisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu. Unatoka kwenye chembe ndogo mno za kaboni na haidrojeni, za jamii ileile ya kemikali zilizomo kwenye masizi. Katikati ya M82 nyota huzaliwa kwa kasi ipatayo mara 10 ya galaksi yetu, na upepo wa nyota hizo, yaani gesi zinayoitupa nje, pamoja na milipuko ya zile zinazokufa, ndio unaozisukuma chembe hizo nje. Zinasalimikaje ndani ya upepo wenye joto kali namna ile? Wataalamu bado wanalichunguza jambo hilo, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Sisi wa Handeni tunalijua tanuri la mkaa. Ukilipita usiku huoni mwali, udongo umefunika kila kitu, lakini sogeza kiganja utajua ndani kuna nini. Nyota changa za M82 nazo zimefunikwa na vumbi. Vumbi hilo linanyonya mwanga wao, linapata joto, kisha linautoa tena kama infraredi. Setilaiti ya IRAS, ya kupima infraredi angani, iliyorushwa Januari 1983 ikiwa imepozwa kwa heliamu ya kimiminika ili joto lake yenyewe lisiivuruge, ilikuta galaksi ambazo karibu mwanga wao wote ni wa namna hiyo. Mojawapo ni Arp 220, ambayo nguvu ya mwanga wake inalishinda jua zaidi ya mara trilioni moja.

Gesi nayo ina kisa chake. Nyota hutokana na molekuli za haidrojeni, ambazo zikiwa baridi karibu hazitoi mwanga wa kupimika. Hivyo wataalamu hufuata kaboni monoksaidi iliyochanganyika nayo, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, kwa mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 2.6 na mengine mafupi zaidi. Ndivyo darubini za ALMA, nchini Chile, zilivyoonyesha mwaka 2013 kwamba galaksi ya NGC 253 inaitupa nje gesi yake kwa kasi isiyopungua ile ya kuzaliwa kwa nyota katikati yake. Galaksi hiyo tunaiona hata hapa: Novemba, saa tatu usiku, mbali na taa za mji, tazama juu upande wa kusini kwa darubini ya mkononi, utaona kijistari cha ukungu hafifu.

Ombi langu ni hili. Kila mnapochapa picha ya anga, ongezeni sentensi moja: ni darubini gani, mawimbi gani, na kila rangi inawakilisha nini. NASA, shirika la anga la Marekani, huyatoa maelezo hayo bure pamoja na picha. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni picha, msiyapunguze maelezo.

Mwalimu wa fizikia,
Handeni, Tanga